Urefu wa Mpini

Mwanangu wa tatu, ambaye ananipenda sana na kwa sababu hiyo hunikalia ukali, aliniambia maneno haya siku mbili baada ya kunirudisha nyumbani kutoka hospitali: "Baba, shamba sasa basi. Wewe kaa hapa barazani, upumzike. Umelima vya kutosha." Nilikuwa na miaka 73. Kiharusi kilikuwa kimenipitia upande wa kushoto, kwa bahati si kwa ukali wake wote. Usemi ulirudi baada ya siku chache, mkono ulirudi nusu, mguu ukabaki mzito kama gogo lililonyeshewa. Niliitikia, nikaletewa kiti. Nilipokuwa nimekaa pale, nikiutazama mgongo wa kijana wa kibarua ukiinama na kuinuka katika bustani niliyoilima mwenyewe kwa miaka ishirini, nilihisi kwamba maneno yale nilikuwa nimekwisha kuyasikia mahali. Nilijipa taabu ya kukumbuka ni nani aliyeyasema. Kumbe msemaji alikuwa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1981. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya kijijini, mkoani Iringa, nami nilikuwa na miaka 32. Msomaji ambaye hakusoma shule katika miaka ile itabidi avumilie nimweleze kwanza jembe lilikuwa na uzito gani kwetu, maana bila hilo hataona kosa langu lilikuwa wapi.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kutoka hapo kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na shamba halikuwa adhabu wala mchezo, lilikuwa sehemu ya masomo. Mwezi Mei 1972 viongozi wa TANU walikutana mjini Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Sisi tulioishi mkoa ule tulilichukua kama mtoto wetu wa kumzaa. Katika nembo ya taifa jembe limo, limepishana na shoka. Katika bendera ya Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa 1977, jembe limo pamoja na nyundo. Chuoni, nilikosomea ualimu, tulifundishwa kwamba mwalimu asiyeshika jembe hana kinywa cha kuwaamuru watoto washike. Kwa kifupi, jembe lilikuwa cheti cha uraia. Mtu aliyelima alikuwa mwenzetu. Asiyelima aliitwa kupe, naye kupe alichorwa kwenye mabango akiwa na tumbo kubwa.

Katika darasa la tano alikuwamo binti mmoja ambaye miguu yake ilipooza utotoni kwa ugonjwa wa polio. Hakuwa na kiti cha magurudumu, na hata angekuwa nacho njia zetu zisingekiruhusu. Asubuhi aliletwa shuleni mgongoni kwa kaka yake. Akishafika, alitembea kwa mikono, ameivalisha makubadhi yaliyokatwa kwenye mpira wa tairi. Alikuwa na mabega mapana kuliko wavulana wa darasa la saba. Hesabu alizijua sana, na hati yake ilikuwa nzuri.

Niliyempokea shule alikuwa amemsamehe kazi za shamba, nami nilipofika nikauthibitisha msamaha ule bila kumwuliza mwenyewe. Nilimwambia: "Wewe kaa hapa, upumzike." Na kwa kuwa sikupenda akae bure, nilimpa daftari aandike majina ya wachelewaji na wategaji. Nilijiona mwalimu mwenye huruma na mwenye maarifa ya utawala pia. Sasa hebu fikiria hali ya mtoto yule: wenzake mia tatu wako shambani wanaimba, yeye yuko kivulini na kalamu, na jina analoliandika ndilo linaloitwa mstarini kesho yake likachapwe. Saa nne tulikunywa uji wa mahindi ya shamba la shule. Siku moja mvulana mmoja alisema kwa sauti kwamba kuna mtu anakunywa uji asioulima. Nilimchapa mvulana yule viboko vinne, nikaamini nimelimaliza jambo.

Baadaye kidogo, siku ya Jumamosi, nilikwenda nyumbani kwao kufuatia mchango wa madawati. Bibi yake alinikaribisha kigoda, akaniambia mtoto yuko nyuma ya nyumba, kwenye maharage. Nilidhani ameketi anaamia ndege. Nilizunguka nyumba nikamkuta anapalilia.

Nataka kukieleza chombo chake vizuri, kwa sababu nilikitazama vibaya siku ile na imenibidi nikikumbuke kipande kwa kipande miaka zaidi ya arobaini baadaye. Jembe lenyewe lilikuwa kuukuu, lile ambalo udongo umelila mpaka likabaki na upana wa kiganja. Jembe la namna hiyo ni jepesi, na akina mama wengi hulitunza kwa kupalilia kwenye mazao yaliyobanana. Mpini ulikuwa mfupi, dhiraa moja tu, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mwishoni ulikuwa na kitanzi cha ngozi ya mbuzi alichopitisha kifundo cha mkono, ili mkono ukichoka kushika, kitanzi kisaidie kuvuta. Mfua vyuma wa kijijini alikuwa amelikunja jembe lielekee zaidi upande wa mpini, hivi kwamba mtu aliyekaa chini hakuhitaji kulinyanyua juu na kukita. Alilivuta kwake, nalo likakwangua magugu chini ya uso wa ardhi. Binti alikalia gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Alipomaliza mahali alipoweza kufika, aliegemea mkono mmoja, akalivuta gunia kwa kamba, akasogea. Shamba lenyewe lilikuwa limepangwa kwa ajili yake: baada ya kila mistari miwili ya maharage palikuwa na njia ya upana wa gunia.

Nilimwuliza bibi ni nani aliyefikiri mambo haya. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu anatembelea mikono. Mikono inayobeba mwili mzima itashindwaje kulima?"

Jumatatu nilimruhusu. Alipewa sehemu nyuma ya ofisi, akalima matuta ya mchicha na kabichi, na kwa wiki kama sita daftari la wategaji lilikaa mezani kwangu bila mwandishi. Sitasema kwamba wenzake walimpenda ghafla, lakini niliwasikia wakibishana naye juu ya mbolea, na mtu habishani juu ya mbolea na asiye mkulima.

Ndipo akaja mgeni kutoka ofisi moja ya ngazi ya juu, ambayo sitaitaja. Mwaka ule Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, naye mgeni alikuwa ametoka kuuhutubia mkutano juu ya jambo hilo hilo. Alipofika nyuma ya ofisi akamwona mtoto ameketi mavumbini na kijembe mkononi, uso wake ulibadilika. Aliniuliza mbele ya walimu wangu kama hii ndiyo namna yangu ya kuadhimisha mwaka huu, kuwatambaza watoto vilema udongoni. Akaamuru anyanyuliwe, anawishwe, akalishwe kwenye kiti. Binti alinitazama. Alikuwa akingoja nieleze. Ningeweza kueleza kwa sentensi mbili. Lakini nilikuwa nimeomba uhamisho, na barua yangu ilikuwa katika ofisi ya mtu yule. Nilisema: "Ndiyo, mheshimiwa." Kesho yake binti alirudi kwenye daftari.

Alimaliza darasa la saba 1983, akachukuliwa na shangazi yake kwenda kuishi mji mwingine. Habari zake sikuzipata tena. Uhamisho niliupata.

Yule mgeni hakuwa mtu mkatili. Nimemfikiria mara nyingi na sina budi kumtendea haki. Aliona alichofundishwa kuona: mtu aliye chini amedhalilishwa, mtu aliye kwenye kiti ameheshimiwa. Hata lugha yetu ilitusaidia kupotoka. Kilema, kiwete, kipofu, kiziwi: majina haya tuliyaweka katika ngeli moja na kiti na kikapu, vitu vinavyowekwa mahali vikakaa. Baadaye tukasema walemavu, na siku hizi tunaelekezwa kusema watu wenye ulemavu. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na nayakubali mabadiliko hayo kwa moyo mweupe. Ila naona tulibadilisha jina mara mbili kabla ya kubadilisha mpini mara moja.

Nilipokaa katika kiti changu cha barazani nilianza kufuatilia habari za mpini. Mjukuu wangu mmoja alinitafutia maandishi na kuyachapa kwa herufi kubwa, nami nilikuwa na muda mwingi.

Jembe la chuma ni la kale mno katika nchi hii. Huko Buhaya wataalamu wa mambo ya kale wamefukua tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Wafipa walijenga tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu. Warongo, upande wa Geita na Biharamulo, walifua majembe yaliyosafiri mbali na kwao. Jembe lilikuwa chombo cha kazi na lilikuwa fedha pia, maana mahari ililipwa kwa majembe. Lile la zamani halikuwa na tundu. Lilikuwa na mkia uliochongoka, na mkia huo ulipenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, kwenye tundu lililochomwa kwa moto. Kisha yakaja ya viwandani kutoka Ulaya, yenye tundu la kuingizia mpini. Wazee wetu waliyajua yale yenye chapa ya mamba yaliyotoka Wolverhampton, Uingereza. Baada ya uhuru tukapata kiwanda chetu cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China.

Sasa liko jambo nililoliona kila siku bila kulifikiri. Majembe haya, ya mamba na ya Ubungo, yaliuzwa bila mpini. Ulikwenda dukani ukanunua chuma, la ratili mbili na nusu au la ratili tatu, ukarudi nalo mkononi kama sahani. Mpini ulikuwa shauri lako. Uliukata mwenyewe kwenye mpera au kwenye muwati, ukauchonga kwa kadiri ya mkono wako na kimo chako. Nyumbani kwetu mpini wa baba haukufanana na wa mama, na ami yangu aliyekatika vidole viwili alikuwa na mpini ulionenepa katikati, aliouzungushia kamba ya mpira. Hakuna aliyewaita hawa watu wa vifaa maalumu. Kiwandani chuma kilikuwa kimoja kwa wote. Nyumbani kila mwili ulipata jembe lake.

Sisi watu wa shule ndio tuliouharibu utaratibu huo. Naungama kwamba nilipokuwa mwalimu mkuu nilipenda mipini ilingane. Tulipopanga foleni na majembe mabegani kwenda shambani, foleni yenye mipini ya urefu mmoja ilipendeza macho ya wageni. Nilikuwa na watoto wa miaka saba na watoto wa miaka kumi na sita, na wote niliwataka walete mpini wa mita moja.

Kisa kilichonifanya niketi wima kilitoka mbali, katika jimbo la California, Marekani. Huko, katika mashamba makubwa ya saladi ya bonde la Salinas, vibarua, wengi wao wenye asili ya Mexico, walipunguza miche na kupalilia kwa jembe lenye mpini mfupi sana, ambao aghalabu haukufika hata nusu mita. Kwa Kihispania waliliita el cortito, yaani kafupi. Mtu alikunja kiuno kuanzia asubuhi hadi jioni. Wenye mashamba walisema mpini mfupi unampa kibarua uangalifu, asikate mche mzuri. Vibarua walisema kuna sababu nyingine: msimamizi aliyesimama mwisho wa shamba aliweza kuona mara moja ni nani aliyenyoosha mgongo. Migongo iliharibika. César Chávez, aliyewaongoza wafanyakazi wa mashamba, alikuwa amelitumia jembe hilo ujanani, na maumivu ya mgongo hayakumwacha.

Wanasheria waliowatetea maskini wa vijijini, mmoja wao akiitwa Maurice Jourdane, waliiomba idara ya usalama kazini ya jimbo ilipige marufuku. Idara ilikataa. Ilisema kanuni inakataza zana za hatari, na zana ya hatari ni ile iliyoharibika, kama nyundo iliyolegea au shoka lililopasuka. Jembe hili ni zima. Mnamo Januari 1975 Mahakama ya Juu ya California iliikataa hoja hiyo. Majaji walieleza kwamba zana inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa ya hatari, ikiwa namna inavyotumika inamwumiza mtumiaji. Mwaka huo huo jembe fupi likapigwa marufuku. Wenye mashamba waliotabiri hasara wakanunua mipini mirefu, na saladi ikaendelea kuota.

Niliposoma hayo niliiweka karatasi chini. Mpini ule ule, wa dhiraa moja, uliowavunja migongo vibarua wa Salinas, ndio uliomwinua binti wa shule yangu. Ningekuwa na sheria ya California mkononi 1981, yule mgeni angeitumia kumnyang'anya kijembe chake, na angeonekana ana haki! Tofauti iliyopo ni kwamba wale walipewa mpini na mtu mwingine aliyetaka kuwaona wameinama. Huyu alikatiwa na bibi yake, kwa kipimo cha mkono wake.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kuona upande wa kwanza. Mwaka 1998 FAO na mfuko wa IFAD walitoa uchunguzi juu ya zana za wakulima wanawake katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Wachunguzi waliwakuta akina mama wakipalilia wameinama na majembe mafupi, na mahali pengine waliambiwa kwamba mpini mrefu ni wa wavivu, kwa kuwa mtu aliyesimama wima haonekani kama anafanya kazi. Mke wangu, nilipomsomea, alicheka bila furaha. Ana miaka 70 na mgongo wake umekwisha.

Huko Uingereza jambo hili walilifanya elimu. Mwaka 1968 iliundwa taasisi ya hiari ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata bustani, na 1978 kikaanzishwa chama cha kutumia bustani kama tiba, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Thrive. Zana zao nimeziona kwenye picha. Kuna koleo la mkono ambalo shikio lake limesimama wima kama la msumeno, ili kifundo kikae sawa bila kukunjwa, jambo la faraja kwa mwenye baridi yabisi. Kuna kishikizo kinachopanda mpaka kwenye kigasha, ili nguvu itoke mkononi mwote badala ya vidoleni. Kuna mipini myepesi ya kurefusha na kufupisha. Ni vitu vizuri, na bei yake ni ya kwao. Lakini nilipolitazama lile la kigasha nilikiona kitanzi cha ngozi ya mbuzi, na nilipokitazama lile la shikio lililosimama nililikumbuka jembe lililokunjwa na mfua vyuma. Watu wa Ulaya hununua zana ikiwa tayari na mpini wake, kwa hiyo mwenye mwili tofauti hulazimika kungoja kiwanda kimfikirie. Bibi yule hakungoja.

Wanafundisha pia kwamba zana ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni bustani yenyewe. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji njia ya karibu mita moja, na tuta lililoinuliwa kiasi cha sentimita 60 hadi 70, lisilo pana kupita pale mkono unapofika: sentimita 60 ukilifikia upande mmoja, mara mbili yake ukilizunguka. Kule Lesotho, katika miaka ya 1990, watu walianza kujenga bustani za duara zilizozungushiwa ukuta wa mawe unaofika kiunoni, zenye upenyo wa kuingilia kama tundu la ufunguo na kikapu katikati cha kutupia mabaki ya jikoni na maji yaliyooshea vyombo. Bustani hizo ziliwafaa sana wazee, na watu waliodhoofishwa na UKIMWI, kwa kuwa waliweza kupalilia bila kuinama. Jirani zetu wa Kibera, Nairobi, hupanda sukuma wiki katika magunia yaliyosimama, yenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni ya kuchomekea miche; magunia hayo yalienea hasa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Yaliletwa kwa sababu ya uhaba wa ardhi na chakula, si kwa ajili ya wenye ulemavu. Hata hivyo mtu aliyeketi kwenye kigoda hulifikia gunia lote kutoka chini hadi juu.

Sheria nazo nimezisoma, japo kwa haraka. Mwaka 1982 Bunge letu lilipitisha mbili, moja juu ya ajira ya walemavu, nyingine juu ya matunzo yao. Ile ya ajira iliwataka waajiri wenye watu 50 au zaidi waajiri walemavu asilimia 2. Sheria ya 2010 imefanya iwe asilimia 3 kwa mwenye watu 20. Ni hatua njema, lakini karibu nchi nzima tulikuwa wakulima, na shamba halina mwajiri wa kuhesabiwa asilimia. Shambani mtu huajiriwa na mpini wake.

Ugonjwa uliompooza binti yule umefukuzwa: nchi yetu ilithibitishwa kuwa haina polio 2015, na Agosti 2020 bara zima likatangazwa kuwa limevishinda virusi vya asili vya polio. Nafurahi sana. Lakini ajali za pikipiki zipo, kisukari kipo, na kiharusi, kama ninavyoshuhudia, kipo.

Basi nilimwita fundi. Ni kijana wa kuchomelea, mwenye kibanda karibu na stendi, hodari wa mageti na madirisha. Nilimweleza kijembe cha binti yule. Kwanza alidhani nataka kifaa cha kukwangulia jiko. Nilimchorea kwa chaki sakafuni, kwa mkono wangu wa kulia, kama nilivyokuwa nikifanya ubaoni. Alileta jembe kuukuu, akalikata, akalikunja. Mara ya kwanza alilikunja kidogo mno, nikajaribu, likaruka juu ya magugu. Mara ya pili likashika. Kitanzi alikifanya kwa mkanda wa gari, ule wa abiria, ambao ni imara kuliko ngozi. Mkono wangu wa kushoto hauna nguvu ya kushika, lakini ukiwa ndani ya kitanzi unavuta. Nakalia kigoda. Njia kati ya matuta tumeipanua, na mwanangu, ambaye kwa wiki nzima hakusema nami vizuri, ndiye aliyezichimba.

Siku fundi alipokuja kuchukua fedha yake, mke wangu alitoka jikoni, akaniangalia nilivyoketi kati ya maharage, kisha akamwambia: "Na mimi nitengenezee langu. Lakini langu liwe refu, linifike hapa," akajigusa chini ya kidevu. "Nimechoka kuinama."

Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kalamu ikiwa sikioni. Akauliza kama kweli wazee hawa wawili wanalima shamba moja. Mke wangu akamwambia aandike vipimo.